Jongoo wa Pangani

Nyumba ya Bi Mwantumu iliondoka Pangani asubuhi, watu walipokwisha kunywa chai. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye ghorofa, ya chokaa na boriti za mikoko, na mlango wa mninga uliochongwa maua. Tangu ijengwe na babu yake mzaa baba haikuwahi kusogea. Sasa iliinuka kiasi cha kiganja kimoja, ikatulia kama mwanamke anayepima ndoo kichwani kabla ya kuondoka kisimani, kisha ikageuka taratibu, ikaupa mto mgongo na kuanza kupanda barabara ya bara. Mapazia yalikuwa bado madirishani. Uani, kanga mbili zilizoanikwa kambani zilipepea kidogo, basi.

Chini ya nyumba alikuwa Jongoo. Katika hati za Mamlaka ya Kuhamisha Miji mtambo ule uliitwa Kihamishi cha Majengo, lakini jina hilo halikudumu. Watu wa Pangani walipouona kwa mara ya kwanza ukitambaa kutoka kwenye meli, mrefu, mweusi, wenye pingili na miguu isiyohesabika, wakasema jongoo, na jongoo akawa.

Kazi yake ilikuwa ya kushangaza hata kwa waliomuunda. Kwanza aligonga kuta na kuzisikiliza, kama daktari anayesikiliza kifua. Ukuta uliolia vizuri aliutoboa kwa sindano nyembamba na kuumiminia utomvu, kimiminika cha maabara kilichoingia katika kila tundu la jiwe la matumbawe na kuganda humo, hata ukuta ulioliwa na chumvi ukawa mzima kama mfupa. Kisha pingili zake zilipenya chini ya msingi moja baada ya nyingine. Kila mguu ulikuwa na akili unde yake ndogo iliyohisi udongo, na miguu yote ilisemezana. Mmoja ukikanyaga pabovu, jirani zake walibeba sehemu yake ya mzigo kabla nyumba haijajua.

Miguu hiyo ilibuniwa na Mhandisi Semeni Mahimbo, mtoto wa kwanza wa Bi Mwantumu. Alitembea kando ya nyumba ya mama yake akiwa na kishikwambi mkononi, lakini macho yake yalikuwa dirishani juu. Kanuni zilikataza mtu kukaa ndani ya nyumba inayosafirishwa. Bi Mwantumu hakuzitambua kanuni hizo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kila siku, anasuka ukili wa mkeka, na minazi ikimpita dirishani mmoja mmoja.

"Seme!" aliita.

"Abee mama!"

"Nani anaihamisha minazi hii?"

Wapiga picha wa televisheni walicheka. Semeni naye alicheka, ingawa kicheko chake kilikatika mapema.

Ilimchukua muda mrefu kumfikisha mama yake hapo. Bahari ilikuwa imeshapiga hodi Pangani kwa miaka mingi kabla. Ilichukua kwanza mashamba ya minazi ya pwani, ikatia chumvi visima, ikaufanya mto urudi nyuma kila maji yalipojaa, mpaka samaki wa baharini wakavuliwa mbali huko bara. Walijenga ukuta, bahari ikauzunguka. Wakaujenga tena mrefu zaidi, maji yakapita chini. Mwishowe serikali ikasema mji uhame, uende juu ya kilima cha Kwashebuge, na kwa kuwa ulikuwa mji wa kale, usihame watu tu, uhame na nyumba zake.

"Mimi sihami," Bi Mwantumu alikuwa amesema. "Nimezaliwa humu, nimeolewa humu, na baba yenu nimemtoa humu kwenda kumzika. Nihamie wapi?"

"Mama, wewe huhami," Semeni alimjibu. "Nyumba ndiyo inayohama. Wewe utakaa hapohapo kitini. Utalala kitanda kilekile, utafungua mlango uleule. Nakuahidi."

Wakati huo mama alikuwa ameanza kusahau. Alirudia maswali, aliacha moto jikoni, mara nyingine alimwita Semeni kwa jina la shangazi yake. Madaktari wa Tanga walisema mtu wa namna hiyo asibadilishiwe mazingira, maana vitu anavyovijua ndivyo vinavyomshikilia. Semeni aliyasikia maneno hayo akaona yamesemwa kwa ajili ya mtambo wake. Nani mwingine duniani aliyeweza kumpandisha mama yake kilimani bila kumbadilishia hata upande wa mto wa kulalia?

Jioni nyumba iliwekwa mahali pake Kwashebuge, mlango ukiangalia mashariki kama ulivyoangalia siku zote. Kikombe cha kahawa alichokisahau Bi Mwantumu ukingoni mwa meza hakikumwaga tone. Mkurugenzi wa Mamlaka, Bwana Luambano, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alimshika Semeni mkono mbele ya kamera.

"Umemhamisha mama yako bila yeye kujua," alisema. "Ni nani atakataa sasa?"

Semeni aliomba likizo fupi akae na mama yake. Asubuhi ya kwanza aliamka akamkuta amekwisha koka moto. Bi Mwantumu alichemsha kahawa, akamimina kwenye birika la shaba, akajifunga kanga, akafungua mlango. Tangu Semeni akiwa mdogo ndivyo ilivyokuwa: mama alivuka uchochoro na birika lake, akapiga hodi kwa Bi Mwajabu, shoga yake wa tangu utoto, na wawili hao wakakaa barazani mpaka jua likaze.

"Hodi! Mwajabu! Bado umelala?"

Mlango wa nyumba ya mbele ulifunguliwa. Alitoka Bwana Kupaza, aliyekuwa akikaa upande wa pili kabisa wa mji wa zamani. Nyumba yake ilikuwa nzito, ikapangiwa mahali penye mwamba. Ya Bi Mwajabu haikupangiwa mahali popote. Jongoo aliigonga, ikalia kama debe tupu, ikaachwa. Bi Mwajabu alipakia vyombo vyake akaenda kwa mwanawe Korogwe.

"Shikamoo mama," alisema Bwana Kupaza. "Bi Mwajabu hakai hapa. Lakini karibu."

Bi Mwantumu alimtazama. Kisha akageuka kutazama alikotoka, akauona udongo mwekundu, mteremko wenye visiki, barabara pana isiyo na uchochoro. Hakukuwa na harufu ya mto. Akaanza kugeuka huku na huku na birika lake. Semeni alimkimbilia, akamshika, akamrudisha ndani.

Ndani kila kitu kilikuwa sawa. Kioo kilikuwa mahali pake, na saa ya ukutani, na kitanda cha samadari, na ufa mdogo kwenye ngazi ambao utomvu uliuziba lakini bado ulionekana. Bi Mwantumu aligusa hiki, akagusa kile. Pumzi zikamrudi. Baada ya muda kidogo akasema, "Kahawa inapoa, niwahi kwa Mwajabu," akaufungua mlango tena.

Ikawa hivyo kila siku. Kila alipofungua mlango aliipoteza Pangani upya, na kila alipoufunga aliipata tena. Mwanzoni Semeni alimweleza ukweli kwa upole: bahari imepanda, mji unaingia majini, sisi tumehamia huku. Mama alilia kama mtu anayepewa habari ya msiba, kwa sababu kweli alikuwa anapewa habari ya msiba. Kesho yake alipewa tena. Semeni akashindwa kuendelea.

Mdogo wake, Hizza, aliyekuwa na shamba la machungwa upande wa pili wa kilima, alikuja kusaidia. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mwambie Mwajabu kaenda msibani Tanga," alisema. "Dada, usimuue mtu kila asubuhi."

Walijaribu hilo. Walijaribu pia kumpigia Bi Mwajabu simu ya picha, uso wake ukatokea hewani juu ya meza, mkubwa kama alivyo, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mwantumu wee! Umeniacha mwenzio!" Bi Mwantumu aliutazama uso ule kwa adabu, akamnong'oneza Semeni, "Mama wa watu huyu simjui. Muulize anatafuta nani." Kisha akachukua birika lake.

Mkewe Bwana Kupaza alikuwa mpole siku za mwanzo, akampokea kahawa yake. Kisha akachoka. Akawa haitiki hodi. Bi Mwantumu alisimama mlangoni kwao akigonga, anasema na ubao wa mlango, "Mwajabu, nimekukosea nini? Niambie basi nikuombe radhi."

Hilo ndilo lililompeleka Semeni zahanati. Muuguzi mkuu wa Kwashebuge, Stumai, alikuwa mwanamke mnene wa makamo. Alimsikiliza huku akikunja mashuka.

"Si mama yako peke yake," alisema. "Sisi hapa tunayaita maradhi ya mlango. Wazee wengi wa nyumba za Jongoo wanayo, na si wote waliokuwa wanasahau walipokuja. Wapo waliokuwa na akili timamu kabisa."

"Na wale waliopewa nyumba mpya za tofali?"

"Wale walilia. Walilia wee, wakachukia, wakatutukana, halafu wakaanza kupanda mchicha. Nyumba mpya inamwambia mtu umehama. Yako haimwambii. Mtu anakaa ndani anadhani yuko kwao, akitoka nje anadhani amerogwa." Aliliweka shuka juu ya mengine. "Wawili walishateremka kule chini kutafuta mji. Hatukuwarudisha wazima. Taarifa tulipeleka kwenu, Mhandisi."

Semeni hakuwa ameiona taarifa yoyote. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Luambano, akamkuta dirishani, anatazama upande wa bahari ambayo kutoka pale ilionekana kama mstari wa bati.

"Niliiona," alisema mkurugenzi. "Nikaiweka kabatini."

"Kwa nini?"

"Kaa, Semeni." Yeye mwenyewe hakukaa. "Kule chini kuna nyumba nyingi bado, na watu ndani yake. Bamvua kubwa linakuja na msimu wa kaskazi, maji yatajaa kuliko kawaida. Unataka niwaambie nini?"

"Tuwaambie wakija huku wasidhani wanabaki kwao. Wajue wanahama. Wajiandae."

"Wakijua hivyo hawatakuja."

"Wana haki ya kujua."

"Wajomba zangu watatu walikuwa na haki ya kujua," alisema Bwana Luambano. Alitoka kusini, kwenye visiwa vya mlango wa mto ambavyo sasa havimo tena kwenye ramani. "Niliwaeleza kila kitu. Mitambo kama yako haikuwapo, nikawaambia kweli tupu: mtaacha kila kitu, mtaishi kambini. Wakanishukuru sana. Wakabaki. Mimi baada ya pale nimeamua, bora mzee anayelia mlangoni kuliko mzee nisiyeona hata kaburi lake. Ukiweza kunionyesha njia ya tatu, nionyeshe, niifuate leo."

Semeni aliinuka, akasimama naye dirishani. Hapo simu yake ikaita. Alikuwa Hizza, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Dada, mama hayupo. Nilikuwa uani nafua. Kikapu chake hakipo, na ile fimbo ya kuchokolea pweza haipo. Mke wa Kupaza anasema alimpita akamwambia, 'Maji yamekupwa mbali leo, nayafuata.'"

Semeni alielewa kabla simu haijakatika. Mama yake alikuwa amefungua mlango, na safari hii hakuogopa. Alikuwa amejipatia maelezo. Bahari haionekani mlangoni, basi imekupwa; imekupwa sana kuliko siku zote, na wanawake wa Pangani maji yakikupwa huenda kuyafuata na vikapu vyao. Aliyafuata.

Na njia ilikuwapo. Miguu ya Jongoo, kwa kupanda na kushuka na mzigo ule, ilikuwa imeshindilia udongo kutoka mjini mpaka Kwashebuge ukawa mgumu na laini kama sakafu. Hapakuwa na mwiba wala jiwe la kumkwaza mama mzee. Semeni aliendesha gari kwenye njia hiyo akiwa na Hizza pembeni mpaka walipomkuta Jongoo mwenyewe, katikati ya mteremko, anateremka kwenda kuchukua nyumba nyingine.

Semeni aliwasha kishikwambi. "Jongoo, kuna mtu amepita hapa leo kwa miguu?"

"Amepita mtu mmoja, mwepesi," ilijibu sauti tulivu ya mtambo. "Anaburuta kidogo mguu wa kushoto. Nilisimama kumpisha, kama kanuni inavyotaka. Alinisalimu. Nikaendelea na kazi."

"Mbona hukutoa taarifa?"

"Sikuagizwa kutoa taarifa za watembea kwa miguu."

Hizza aligeuza uso akatazama porini. Semeni alikanyaga mafuta.

Mtaa wao wa chini ulikuwa umebaki kama mdomo ulionyofolewa meno. Palipokuwa na nyumba palikuwa na mashimo ya mraba, na kati ya mashimo zilisimama zile mbovu, zimeinama, zimeota kijani. Maji yalikuwa yanajaa. Yalikuja bila kelele, yakipanda kwenye vichochoro kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Waliliacha gari, wakakimbia, maji yakiwafika magotini.

Walimkuta ndani ya shimo la nyumba yao.

Maji yalimfika kiunoni. Kikapu alikuwa amekitundika kwenye chuma kilichochomoza ukingoni, mahali ambapo zamani palikuwa na msumari wa kutundikia kikapu. Alikuwa anatembea. Alitoka palipokuwa sebule, akaenda mpaka palipokuwa na mlango wa jikoni, akainama kidogo kwa sababu mlango ule ulikuwa mfupi, akapita. Hakukuwa na ukuta wala mlango, ila maji ya rangi ya matope na anga. Lakini hakuuvuka ukuta hata mmoja. Alipita kwenye milango tu.

"Seme!" alisema alipowaona, na uso wake ukakunjuka. Semeni hakuwa ameuona uso ule kwa muda mrefu. "Umerudi mapema. Na Hizza huyo! Ingieni basi, mbona mnasimama nje? Samahanini na nyumba, maji yameingia kidogo."

Hizza alitaka kushuka kwa pupa ukingoni. Semeni akamshika mkono. Alizunguka mpaka mbele, palipokuwa na mlango wa mninga, akavua viatu, akaingia. Maji yalikuwa ya baridi. Chini aliikanyaga sakafu iliyopasuka, na mahali pengine hapakuwa na sakafu kabisa.

"Mama, shikamoo. Twende."

"Marahaba. Twende wapi tena? Chai iko motoni."

"Maji yanajaa, mama."

"Yatakupwa." Alisema kama anavyosema mtu aliyeona maji yakijaa na kupwa maisha yake yote. "Keti mwanangu. Umekonda. Huko kazini hawakulishi?"

Alimjua. Alimjua kabisa, jina lake na kazi yake na mwili wake. Kule juu, ndani ya nyumba ileile yenye kuta zilezile, Semeni alikuwa mara binti, mara shangazi, mara mtu wa serikali. Hapa shimoni alikuwa Seme. Alitamani kukaa. Kwa muda mfupi, ambao hakuwahi kumsimulia mtu, alitamani kweli kuketi na kungoja hiyo chai.

Maji yalimfika mama kifuani. Hizza aliita kwa hofu kutoka juu. Kumbeba kwa nguvu kusingewezekana. Ukingo ulikuwa unateleza, na mama akishtuka wote wangezama. Ndipo Semeni alipopata la kusema, na lilitoka lenyewe.

"Mama, tumekuja kukuchukua. Hizza ametualika kwake. Wamepika, wanatungoja."

Bi Mwantumu alimtazama mwanawe wa kiume kule ukingoni. "Leo?"

"Leo, mama," Hizza alidakia. "Mkwe wako amepika wali wa nazi."

"Sasa mbona hamkuniambia mapema? Mtu anaalikwa ghafla namna hii!" Alianza kujitengeneza kanga iliyolowa. "Haya. Mwito wa mtoto haukataliwi. Tutarudi jioni?"

"Tutarudi, mama."

Alichukua kikapu chake. Alipita jikoni, akapita sebuleni, akafika mlangoni. Hapo aligeuka, akashika hewa kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akazungusha ufunguo ambao haukuwapo. Akajaribu kusukuma, kuhakikisha umefunga. Kisha akawapa wanawe mikono wampandishe.

Hawakumrudisha kwenye nyumba yake. Walimpeleka shambani kwa Hizza, kwenye nyumba ya tofali na bati, isiyo na ghorofa wala baraza, iliyozungukwa na michungwa. Hakukuwa na kitu hata kimoja alichokijua. Alipewa chumba, akalala usingizi mzito mpaka asubuhi. Alipoamka aliangalia bati, akaangalia michungwa dirishani, akasema, "Pazuri ugenini hapa," akatoka kuwasalimia wenyeji.

Tangu siku hiyo hakutishika tena na mlango. Alikula vizuri, akasifu mapishi, akasaidia kupepeta mchele kwa vile hakutaka kuwa mgeni mvivu. Kila siku alikunja nguo zake akazifunga kwenye kanga, tayari kwa safari ya kurudi, na kila siku waliomba akae kidogo zaidi, naye akakubali kwa haya. Stumai alipokuja kumwona alisema hajapata kumwona mgonjwa wa maradhi ya mlango ametulia namna ile. Nyumba ya mawe ilibaki tupu kilimani. Wageni wa serikali waliletwa kuitazama, wakaonyeshwa kikombe ambacho hakikumwagika.

Semeni alirudi kazini, kwa kuwa bahari haikungoja. Lakini alianza kwenda yeye mwenyewe kwenye nyumba zilizobaki kabla Jongoo hajafika, akawaambia watu alichokijua. "Nyumba yenu tutaipandisha nzima," alisema. "Lakini pale kwenu penyewe hatuwezi kupapandisha. Ukifungua mlango kule juu utakuta mahali usipopajua, na itakuuma. Nakuomba uje hata hivyo." Wengi walimsikiliza, wakaja. Waliagana na mji kwanza. Walikwenda makaburini, wakapiga picha vichochoroni, na walipofika juu walilia, halafu wakaanza kupanda mchicha.

Mzee Mbwana Saguti na mkewe hawakuja. Walikaa karibu na gati la zamani. Walimkaribisha, wakampa uji, wakamsikiliza mpaka mwisho. "Tunakushukuru mwanangu," alisema Mzee Saguti. "Wote waliokutangulia kuja hapa walituambia hatutahama. Wewe umetuambia kweli. Sasa tunajua tunachochagua." Semeni alirudi kwao mara ya pili na ya tatu kuwasihi. Walimpa uji. Bamvua la kaskazi lilipokuja na upepo nyuma yake, lilipita juu ya gati, na asubuhi yake hapakuwa na nyumba wala watu. Bwana Luambano alisoma taarifa hiyo mbele ya wahandisi wote. Alipomaliza hakumtazama Semeni, na hakusema neno la kumlaumu. Semeni angependa amlaumu.

Siku hiyo aliondoka mapema akaenda shambani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya dirisha, anasuka ukili. Semeni alikaa chini mbele yake. Akajifunika uso na mtandio akalia.

Bi Mwantumu aliuweka ukili pembeni. Alisogea, akampapasa mgongoni, kwa mkono wa kusitasita wa mtu asiye na hakika kama ana ruhusa.

"Pole, mwenyeji wangu," alisema. "Umefiwa?"

Semeni alitikisa kichwa, kisha akakiinamisha.

"Usilie sana. Mmenitunza vizuri katika nyumba hii, Mungu awalipe. Ningekuwa na uwezo ningekusaidia." Alifikiri kidogo, kisha akachangamka. "Lakini mimi ninaye binti, mhandisi mkubwa. Anaitwa Semeni. Hakuna linalomshinda huyo. Akija kunichukua nitakujulisha kwake, umweleze shida yako."

Semeni alifuta macho. Alimtazama mama yake, uso uleule, macho yaleyale, yakimwangalia kwa wema wa mgeni.

"Nitafurahi, mama," alisema. "Nitafurahi sana kumjua."